Tundu la Nyumba Namba Kumi na Nne

Nchi inayosimuliwa hapa haipo, na msomaji akiona inafanana na mahali anapopajua, ajilaumu mwenyewe kwa kutembea sana. Inaitwa Jamhuri ya Salamani. Ina milima miwili, mito mitatu na wizara arobaini na saba, na wizara zote zinajitahidi mno ili mwananchi asipate taabu ya kujifanyia jambo lolote mwenyewe.

Katika nchi hiyo kuna kijiji cha Ngeuni, chenye nyumba arobaini na moja za fito na udongo mwekundu, zilizoezekwa kwa makuti. Watu wa Ngeuni walidhani nyumba zao ni nyumba tu, mpaka Wizara ya Mambo ya Kale na Yaliyopitwa na Wakati ilipogundua kwamba ni hazina ya taifa. Ugunduzi wenyewe ulikuwa hivi: gari la Mheshimiwa Waziri liliingia shimoni, likakatika springi, na Mheshimiwa akashuka kunyoosha miguu. Barabara ile nayo ilikuwa haijaguswa tangu enzi za mkoloni, ingawa hakuna aliyewahi kuitangaza kuwa urithi.

Wiki mbili baadaye Waziri alirudi kwa makusudi, na msafara wa magari tisa.

Asubuhi hiyo Bi Somoe alikuwa na shughuli zake. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujibu. Alikuwa amemwita Fundi Simai, mwezekaji wa kijiji, amtolee makuti yaliyooza juu ya chumba cha ndani na kumwekea mapya. Simai alikwisha kuyatoa ya zamani, na tundu la ukubwa wa mkeka lilikuwa wazi juu ya kitanda. Makuti mapya yalikuwa uani, yamesukwa, yanangoja. Ndipo honi ziliposikika, na Simai, mtu wa adabu zake, akateremka ngazi kwenda kuwapokea wageni.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema akijifuta mikono kwenye kaptura. "Nikirudi namalizia, Bi Somoe. Kazi ya kabla ya adhuhuri hiyo."

Waziri alisimama juu ya kiti kilichotoka kwenye gari lake mwenyewe.

"Ndugu wananchi! Kuanzia dakika hii Ngeuni si kijiji tena. Ni Eneo la Hifadhi! Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba nyumba hizi zimesimama miaka mia mbili. Miaka mia mbili, ndugu zangu, bila msaada wa Serikali! Hali hiyo Serikali yenu sikivu haiwezi kuivumilia. Kwa hiyo naagiza: nyumba hizi zisiguswe na mtu yeyote, zibaki kama zilivyokutwa leo hii, saa nne na robo asubuhi, kwa faida ya vizazi vijavyo!"

Wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa Salamani ni desturi kupiga makofi kwanza na kuuliza maana baadaye. Bi Somoe naye alipiga, tena kwa nguvu.

Wataalamu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na vidaftari. Walipofika namba kumi na nne, mmoja wao, mwenye miwani ya kamba, aliinua uso akaliona tundu, akalitazama kwa heshima. Kisha akaandika: *Tundu la angani. Limekaa vizuri. Yaaminika wahenga walilitumia kutazamia nyota.*

"Hilo silo la wahenga," alisema Bi Somoe. "Hilo la leo, la saa tatu. Muulize Simai, huyo hapo."

"Makuti yako uani, bwana," alidakia Simai. "Niache nipande tu, nimalize."

Mtaalamu alitazama saa yake, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Saa nne na robo imepita," alisema.

Akaiandika na ngazi pia, kwa kuwa ilikutwa imeegemea jengo. Ikawa kumbukumbu ya taifa namba arobaini na mbili, na Fundi Simai akarudi kwake bila ngazi.

*

Kuna jambo Wizara haikuambiwa, kwa sababu haikuuliza. Nyumba za Ngeuni zilikuwa na miaka mia mbili, ndiyo, lakini ungekwangua ukuta wowote usingekuta udongo uliozidi mwaka mmoja. Kila mwaka baada ya mavuno, kabla ya masika, kijiji kizima kilitoka kukandika. Walichimba udongo, wakaukanyaga, wakapita nyumba hadi nyumba wakiziba nyufa na kubadilisha fito na makuti yaliyochoka. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kugusa nyumba yake. Alikaa mkekani mlangoni, mikono magotini, akitazama wenzake wakimfanyia, na kama kulikuwa na mtu aliyegombana naye mwaka huo, huyo ndiye aliyepewa ukuta mkubwa kuliko wote. Wazee walisema ni vigumu kumnunia mtu ambaye udongo wake ndio unaokukinga na upepo. Kwa hiyo hakuna mtu wa Ngeuni aliyewahi kukarabati nyumba yake mwenyewe, tangu kuumbwa kwa kijiji.

Mwaka huo kukandika kulipigwa marufuku kwa waraka wenye mihuri minne. Simai aliusoma mara mbili, kisha akauliza kama ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta bado inaruhusiwa. Akajibiwa kwamba kuziba ufa ni kosa chini ya kifungu cha sita na kujenga ukuta ni kosa chini ya kifungu cha saba, hivyo wananchi washauriwe kutumia methali nyingine.

Bi Somoe aliyachukulia mambo haya kwa mzaha. Alihamishia kitanda sebuleni, na chumba cha ndani akakiachia mvua na kunguru. Aliwaambia watu kuwa siku hizi yeye ni mnajimu. Mzaha ulimwisha siku simu ilipolia na bintiye Siwema, aliyeolewa mjini, akasema:

"Mama, nesi kasema mwezi wa nne. Nakuja kujifungulia nyumbani. Chumba cha ndani, kama wewe."

Bi Somoe alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Alikuwa amekingoja kizazi hicho miaka sita, akiswali na kunyamaza, bila kumuuliza mtoto wake swali hata moja. Katika chumba kile alizaliwa yeye, na mama yake kabla yake, na Siwema pia. Aliingia humo na simu mkononi, bado anacheka, akainua uso. Wingu dogo lilikuwa likipita taratibu juu ya tundu. Mwezi wa nne ndio masika yenyewe. Hofu ikamwingia, na nyuma ya hofu zikaja hasira.

*

Ofisi ya Hifadhi ilikuwa katikati ya kijiji, ya matofali ya saruji na bati la buluu. Ilijengwa kwa mwezi mmoja, kwa kuwa yenyewe haikuwa ya kale. Ndani alikaa Bwana Lugome, Mhifadhi Msaidizi Daraja la Pili, kijana wa watu, mwenye huruma nyingi na madaraka machache.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuziba tundu langu."

"Samahani, mama. Si lako. Ni la vizazi vijavyo."

"Kizazi kijacho kinakuja mwezi wa nne, kwa basi. Ndicho kitakacholowa."

Bwana Lugome alishusha pumzi, akafungua jalada. Alieleza kwamba maombi ya kugusa jengo yanajazwa kwenye fomu ya kijani. Fomu ya kijani inaombwa kwa fomu ya njano. Zikishajazwa zote mbili hupelekwa mbele ya Kamati ya Wataalamu, ambayo hukaa mara moja kwa mwaka, na mwaka huu haitakaa, maana mwenyekiti wake yuko ng'ambo kwenye ziara ya mafunzo ya kuangalia nyumba za wenzetu.

"Za wenzetu zinavuja?"

"Hazivuji, mama. Ndiyo maana ziara imechukua muda, anataka kujua kwa nini." Aligeuza ukurasa, uso ukamchangamka. "Ila hapa kifungu cha kumi na moja kinaruhusu mwavuli! Unaweza kuufungua chini ya tundu, alimradi usiguse ukuta, paa wala nguzo."

"Na nani ataushika?"

Bwana Lugome alisoma kifungu hadi mwisho. Hilo lilikuwa halijaelezwa.

*

Mwezi wa pili ukuta wa jikoni wa Mzee Ngwali, nyumba namba tisa, uliporomoka kabla ya chakula cha mchana. Ngwali alikuwa jirani wa Bi Somoe, na walikuwa hawasemezani tangu mbuzi wake alipokula kanga mbili kwenye kamba ya Bi Somoe. Hata hivyo Bi Somoe alikuwa wa kwanza kufika na kumtoa mzee wa watu vumbini. Hakuumia.

Wataalamu walifika kesho yake kwa magari mawili. Walizunguka kifusi, wakakipiga picha, wakapeana mikono. Yule mwenye miwani ya kamba alimweleza Ngwali kwamba nyumba yake imepandishwa cheo: jana ilikuwa jengo, leo ni gofu, na gofu lina thamani kubwa zaidi kihistoria. Wakazungushia utepe na kumkataza kuingia. Ripoti ya robo mwaka ikaandikwa kwa furaha kwamba hifadhi imeanza kuzaa matunda, kwani kabla ya mradi Ngeuni haikuwa na gofu hata moja, na kwa mwendo huu ndani ya miaka mitatu itakuwa nayo arobaini na moja.

Siwema aliwasili mwanzoni mwa mwezi wa nne, tumbo mbele, miguu imevimba. Mama yake alikuwa amefagia chumba cha ndani, amerudisha kitanda na kutandika shuka safi, kana kwamba shuka zingemzuia mtu kutazama juu. Siwema aliingia, akatazama juu. Alikaa kitandani akaanza kulia kimyakimya. Bi Somoe aliona aibu, aibu ya mzazi aliyeshindwa kumwandalia mwanawe mahali pakavu.

"Nirudi mjini, mama?"

"Kwa basi lile, na hali hiyo? Ukazalie njiani?"

Walikuwa bado wamekaa hivyo Bwana Lugome alipobisha hodi na barua za kugawa. Siwema aliipokea ya kwao akaisoma kwa sauti, huku akijifuta machozi. Jumamosi, Mheshimiwa Waziri angekuja kuadhimisha mwaka mmoja wa Hifadhi, akifuatana na wageni mashuhuri wa Shirika la Dunia la Kupenda Nyumba za Watu Wengine. Kijiji kiliagizwa kuandaa burudani ya asili, isiyopungua dakika kumi na tano, inayoonyesha utamaduni halisi wa wenyeji.

"Rudia hapo," alisema Bi Somoe.

"Wapi? Utamaduni halisi wa wenyeji?"

Bi Somoe akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

*

Kibali cha kukarabati kingechukua miaka. Kibali cha ngoma kilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Bwana Lugome aliijaza fomu nyeupe mwenyewe, kwa furaha, maana katika mwaka mzima hilo lilikuwa ombi la kwanza aliloweza kulikubali.

"Jina la ngoma?"

"Kukandika."

"Vifaa?"

"Udongo, maji, fito kidogo. Makuti ya kutosha. Na ile ngazi yenu namba arobaini na mbili, mtuazime, inapendezesha mchezo."

"Washiriki?"

"Kijiji."

"Muda?" Aliinua kalamu. "Dakika kumi na tano?"

"Ngoma yetu ndefu kidogo, mwanangu. Andika kutwa."

Aliandika kutwa. Kisha akafika kwenye swali la mwisho, lililopigwa mstari mwekundu, akalisoma taratibu ili lisije likamponyoka: "Je, katika burudani hii kuna mmiliki yeyote atakayegusa jengo lake?"

"Hata mmoja," alisema Bi Somoe, akaapa kwa jina la Mungu. Wala hakudanganya.

Bwana Lugome akagonga muhuri.

*

Jumamosi asubuhi wageni walikaa chini ya turubai. Wamiliki ambao zamu ya nyumba zao ilikuwa imefika walikuwa mikekani, mikono magotini, wanyoofu kuliko watu msikitini. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kukanyaga udongo, na kijiji kikaitikia. Watu waliimba kwa mori wa mwaka mzima. Wengine walikuwa na machozi, na wageni waliandika kwamba ngoma za huku zina hisia kali.

Zamu ya nyumba namba kumi na nne ilipofika, Bi Somoe aliketi mlangoni pake na Siwema kando. Kwa mujibu wa desturi, ukuta mkubwa kuliko wote alipewa Mzee Ngwali. Alikuja na ndoo, akasimama.

"Bi Somoe," alisema, kwa mara ya kwanza tangu habari za kanga. "Huu ufa wako unaingia kichwa."

"Ziba, Mzee Ngwali. Na yule mbuzi nimeshamsamehe. Kanga zenyewe zilikuwa zimechuja."

Juu, Fundi Simai alikuwa kwenye ngazi ya taifa akifunga makuti kwa kamba, akiimba kuliko wote. Mheshimiwa Waziri aliinama kwa Bi Somoe.

"Mama, hii ngoma ina maana gani?"

"Ni kuiomba mvua isiingie ndani, Mheshimiwa."

"Ajabu! Na hufanikiwa?"

"Tukicheza vizuri."

Waziri hakuweza kujizuia tena. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua bonge la udongo na kulibandika ukutani kwa kishindo. Kamera zikamulika. Wageni wa Shirika la Dunia nao wakavua viatu. Kufikia alasiri bibi mmoja wa ng'ambo, mwenye vyeo vingi, alikuwa ameziba upande mzima wa jiko la Mzee Ngwali, na gofu lake la asubuhi likawa na mlango na kizingiti. Kazi yake haikuwa mbaya.

Ni Bwana Lugome peke yake aliyefungua daftari. Alihesabu nyufa, akazihesabu tena. Akamwendea Bi Somoe akamwinamia sikioni.

"Bi Somoe, hii ngoma inaziba tundu."

"Kweli?"

"Inaziba kila kitu!"

"Basi isimamishe, mwanangu. Kibali umetoa wewe. Mwambie Mheshimiwa anawe mikono, anavunja kifungu cha sita."

Bwana Lugome alimtazama Waziri, ambaye wakati huo alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi na anaufurahia kama mtoto. Alimtazama Siwema, aliyeshika kiuno kwa mikono miwili. Akafunga daftari, akaenda kumshikia Simai ngazi.

*

Mvua ilianza Jumatatu. Ilinyesha siku nne, mvua ya kuinamisha migomba, na ndani ya nyumba arobaini na moja za Ngeuni halikuingia tone. Jumatano saa tano asubuhi, katika chumba cha ndani, Siwema alijifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya mpiga mbiu. Bi Somoe alimfuta, akaisoma sura yake mara nyingi, akalia kwa furaha bila kujificha.

Wizara ilisherehekea pia. Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri amebuni Mpango wa Taifa wa Kukandika, wa kwanza wa aina yake katika historia, na kwamba wananchi wa Ngeuni wameupokea haraka mno, jambo linaloonyesha wanafundishika. Ili mpango uanze kwa takwimu sahihi, iliagizwa kwamba kila kitu kilichomo ndani ya mpaka wa hifadhi kiorodheshwe upya na kibaki kama kitakavyokutwa.

Bwana Lugome alikuja Ijumaa, matope mpaka magotini, na futi ya kamba. Waraka ulisema kila kitu, na yeye alikuwa mtu wa kufuata waraka. Aliomba radhi mara tatu, akampima mtoto, akaandika: *Namba arobaini na tatu. Binadamu, mpya, hali nzuri. Sentimita hamsini.* Akamgongea muhuri kadi ya kliniki.

Siku ya arobaini alirudi kuhakiki. Mtoto alikuwa amenyolewa, amenenepa, ana mikunjo mapajani, anakodolea macho kila anayeingia. Bwana Lugome alimpima, akatikisa kichwa, akampima tena kuanzia miguuni.

"Bi Somoe," alisema, na jasho lilimtoka kwa dhati. "Kumbukumbu hii imebadilishwa. Imeongezeka sentimita tano. Nitaandika nini? Nani amempa kibali?"

"Mimi sijagusa kitu," alisema Bi Somoe. "Mama yake ananyonyesha, majirani wanambeba. Mzee Ngwali ndiye anayemwimbia."

"Lakini ilitakiwa abaki kama alivyokutwa!"

Bi Somoe akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta. Alimchukua mjukuu wake, akambandika mikononi mwa Bwana Lugome, ambaye hakuwa na fomu ya kumkatalia.

"Mwandikie Waziri aje upesi," alisema. "Akichelewa atakuta anatembea."